Mama Nanga na Kamba Isiyofungwa

Pale Msimbati ukimwuliza mtoto nyumbani kwa Bi Asia Namkoto ni wapi, atakukodolea macho. Mwulize kwa Mama Nanga, atakushika mkono akufikishe mlangoni. Jina hilo Bi Asia alilipata kwenye mchezo wa kuvuta kamba, na analipenda kuliko lile alilopewa na baba yake. Timu ya akina mama ina wavutaji wanane, na yeye ndiye wa mwisho kabisa, yule ambaye wenzake wakiteleza wote, yeye hubaki kama kisiki cha mkorosho. Kazi yake ni kukaanga samaki na kuwauza jioni. Mwili anao, na hauonei haya.

Shida yake ilikuwa mazoea. Tangu usichana amekuwa akisaidia kupandisha mashua ufukweni, maana anayeshika kamba hakosi kitoweo. Na kila mshika kamba pale pwani huizungushia mkononi ili isimponyoke. Mwaka jana wimbi liliirudisha mashua moja ghafla, kamba ikambana, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikapona vikiwa vimekakamaa. Havikunjiki vizuri mpaka leo.

Ungedhani aliacha kuzungusha. Wapi! Alizidisha.

"Vidole visiposhika, kamba itajishika yenyewe," alisema. Na kwenye mchezo ndiyo kabisa, alijifunga kiunoni kwa fundo, kama mashua iliyofungwa mtini.

Mwaka huu likaandaliwa bonanza, timu ya Likombe ije kucheza Msimbati, mshindi achukue mbuzi. Kazi ya kuwafunza akapewa Mwalimu Raheli, mgeni kutoka Singida anayefundisha michezo shule ya msingi. Mwembamba, filimbi shingoni, sauti kubwa kuliko mwili. Jioni ya kwanza aliwapanga uwanjani na kuweka ndoo mbele yao.

"Pete, bangili, pini za mitandio, vyote humu."

"Mwalimu, tumekamatwa?" aliuliza Latifa, nahodha wa timu, mwenye duka la khanga na ulimi usiolala.

"Pete ikinaswa na kamba inaondoka na kidole. Haya, tukimbie taratibu kuzunguka uwanja, tupashe misuli moto."

Bi Asia akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu wangu, mimi nimeamka na adhana. Nimechota maji, nimepasua kuni, nimepara samaki ndoo nzima. Kama kuna msuli haujapata moto mpaka saa hizi, huo umeshakufa."

"Huo uliokufa ndio tunaokwenda kuufufua, Bi Asia. Twende!"

Wakakimbia, khanga zikipepea, wavulana waliokuwa wakisubiri uwanja wakiwashangilia kwa kejeli. Wakanyoosha mapaja, wakazungusha mabega. Ndipo Mwalimu Raheli akaleta kamba, na kabla hajasema neno akamwona Bi Asia ameshajipiga fundo kiunoni.

"Fungua hilo, mama."

"Nifungue? Hii ndiyo nanga yenyewe."

"Wenzio wakikokotwa, wewe utaburutwa na tumbo. Na mkono uliozungushiwa kamba hauna pa kutokea. Mwamuzi anayekuja kutoka mjini akiona fundo, au kamba imezungushwa mkononi, anapiga filimbi na raundi anawapa Likombe."

Bi Asia akauinua mkono wa kushoto. "Na hivi vidole vyangu vitashika nini?"

Latifa akakohoa kidogo, kisha akasema kwa upole ambao haukuwa desturi yake, "Dada, labda mwaka huu Rehema akae mwisho. Wewe utatushikia maji."

Kuwashikia maji! Bi Asia alihisi kama amemwagiwa hayo maji yenyewe. Alimtazama Rehema, mkwe wa jirani yake na mchezaji wa akiba, msichana mwenye nguvu lakini mwepesi, akaona jinsi alivyoanza kusogea nyuma, taratibu, kama mtu anayekaribishwa kitini. Kama Rehema atakaa mwisho, Mama Nanga atakuwa nani?

"Ngojeni," alisema Mwalimu Raheli. "Nani aliwaambia wa mwisho anavuta kwa vidole?"

Akaichukua kamba, akaipitisha chini ya kwapa la Bi Asia, akaikatisha mgongoni, akaitoa mbele juu ya bega la pili, kisha akaipitisha tena kwapani na kuuacha mkia wake ulale nyuma, huru, bila fundo. "Mgongo wako ndio unaobeba. Mikono ni ndoano tu. Kazi yote iko miguuni."

"Ikivutwa kwa nguvu?"

"Ikikushinda, fungua mikono. Itateleza iende zake, wewe utabaki."

Bi Asia hakuamini, lakini alijaribu. Jioni baada ya jioni walifanya mazoezi, na alijifunza kuchimba mchanga kwa visigino, kulala nyuma mwili ukiwa umenyooka, magoti yakifanya kazi ambayo zamani aliiachia mikono. Siku moja kabla ya mchezo Mwalimu aliwaamuru wapumzike, na kwa Bi Asia hilo lilikuwa zoezi gumu kuliko yote. Alikaa barazani akitazama miguu yake mwenyewe kama wageni waliokuja bila taarifa.

Likombe wakafika na ngoma zao. Mtu wao wa mwisho aliitwa Tumaini, dada mwenye mgahawa karibu na bandari, mrefu kama mlingoti. Filimbi ya kwanza ilipolia, Msimbati waliwashtukiza na kuwakokota kabla hawajakaa sawa. Uwanja ukapiga vigelegele.

Raundi ya pili mambo yakageuka. Kitambaa chekundu katikati ya kamba kilianza kwenda upande wa Likombe, vidole vibovu vya Bi Asia vikaanza kuteleza, na bila kumuuliza mwenyewe, mkono ukajizungusha. Filimbi! Mwamuzi akanyoosha mkono kuelekea Likombe.

"Mkono umejiendea wenyewe," Bi Asia alimwambia Latifa, jasho likimtiririka.

"Basi uambie ukijiendea tena, tumekwisha. Rehema! Kaa karibu!"

Rehema alishaikaza khanga yake kiunoni. Bi Asia alimwona, akageuza uso.

Raundi ya mwisho. Likombe walivuta kama waliochomwa, mfululizo, huku Tumaini akinguruma nyuma yao. Msimbati wakasogea hatua, wakasogea nyingine. Kamba ikateleza tena kiganjani mwa Bi Asia, na mkono ukaanza kugeuka, ukiitafuta ile njia yake ya zamani. Akauona. Akaukatalia. Akazama kwa visigino, mgongo ukapokea uzito wote, na pale, akiwa amelala karibu na mchanga, akahisi kitu anachokijua tangu zamani: huu ulikuwa uzito wa mashua wimbi linaporudi baharini. Na mashua wimbi linaporudi haivutwi na mtu mwenye akili. Inashikiliwa mpaka lije jingine.

"Msivute!" alipiga kelele. "Shikilieni tu!"

"Umechanganyikiwa?" Latifa alijibu bila kugeuka.

"Wimbi limerudi! Pumueni! Chimbeni miguu, pumueni!"

Wote walikuwa watu wa pwani, hawakuhitaji tafsiri. Wakachimba, wakatulia. Kitambaa kikasimama. Likombe waliendelea kuvuta na kuvuta, mngurumo ukageuka kuhema, kuhema kukageuka kukoroma. Bi Asia alisubiri, paja zima likitetemeka, mpaka mgongoni akahisi kamba imelegea kidogo, kidogo tu.

"Sasa! Limekuja! Miguu!"

Wakasukuma ardhi kwa pamoja. Hatua moja, ya pili, kisha Likombe wakaachia, na Msimbati wote wakaanguka kinyumenyume juu ya mtu wao wa mwisho. Kamba ilikuwa imeshamtoka begani, imelala pembeni kama haimjui.

"Jamani, ondokeni! Mnaniua na ushindi wangu!"

Walipomfukua alitaka kujilaza palepale, lakini Mwalimu Raheli alimwinua. "Usilale. Tembea kwanza, moyo ushuke taratibu. Maji kidogo kidogo."

Alikuwa akitembea hivyo Tumaini alipomfuata. Viganja vya Tumaini vilikuwa vimechubuka, vyekundu.

"Shikamoo mama. Fundo lako ulilificha wapi? Nimetazama sijaliona."

"Marahaba. Fundo halipo, mwanangu."

"Mama, usinitanie."

Bi Asia akaiokota kamba mchangani. "Geuka. Kwapani kwanza. Hapana, hilo jingine."

Latifa akaja mbio, mbuzi akimburuta. "Dada! Unawafundisha Likombe? Na mwakani je?"

"Mwakani hatavuja damu," alisema Mama Nanga, akiipitisha kamba juu ya bega la Tumaini. "Nyoosha mgongo, mwanangu. Sasa nivute, uone."