Maharagi Yaliyowekewa Akiba ya Maji

Wajukuu wangu wana akili, nimewasifia mtaa mzima wa Mutanga Nord na nitaendelea. Lakini kupanda hawajui, na kuwafundisha kumenimaliza.

Nilikuwa nimebakiza kopo moja la maharagi ya mbegu, yamelala katika majivu yasiliwe na wadudu. Yalitoka shamba langu la Gatumba, kabla mafuriko hayajalimeza. Mekundu, yenye mistari. Sokoni sijayaona tena. Hayo yakioza, basi nimeyapoteza kabisa.

Nikalima nyuma ya nyumba, nikapanda pamoja nao, msichana na kaka yake. Nikawaambia: mbegu inataka udongo laini, maji kidogo, hewa, na ikishaota, jua. Wakaitika. Nikaenda Carama kumuuguza dada yangu.

Niliporudi nilikuta ziwa. Robine, bomba letu la uani, ilikuwa imetoa maji baada ya kukauka muda mrefu, na hawa wakafanya kama tunavyofanya sisi wote: wakajaza bidoni, wakajaza sufuria, kisha wakajaza na bustani yangu.

"Maji yatakatika tena, Bibi," akasema msichana. "Tumeyawekea akiba."

"Kwani maharagi ni bidoni?"

"Apana. Lakini nayo yatasikia kiu."

"Mbegu inapumua, we mutoto. Nikikuzamisha kichwa mu baseni, utaniambia asante kwa akiba?"

Kaka yake akacheka. Nikamgeukia, akaacha.

Nikayachota maji yale kwa kikombe, mgongo unaniuma. Nikafukua kwa kidole: laini, yananuka. Nikafukua mbele: yananuka. Pembeni tu, udongo ulipoinuka, machache yalikuwa yametoa mkia mweupe. Nikayafunika, nikakataza mtu kuyagusa.

Yalipochomoza, nikayakuta chini ya baseni iliyogeuzwa.

"Jua kali, Bibi," akasema msichana. "Yasiungue."

Yalikuwa yamepauka, shingo ndefu kama wagonjwa. Nikaiondoa baseni, nikaleta kiti, nikakaa hapo kila asubuhi mpaka yakapata rangi.

Yalipozaa, hayakujaza hata sahani. Msichana akauliza tunapika lini. Nikamwambia haya hayapikwi, yanakauka kwanza, kisha yanarudi ardhini. Akaniona mchoyo. Yalipokauka nikamtilia machache mkononi: panda mwenyewe, mi sitoki ndani.

Nikamtazama dirishani. Akachimba vizuri, akafukia vizuri, akamwaga kikombe cha maji. Akasimama, akafikiri. Akaenda kuchota kingine.

Nikatafuta viatu vyangu.