Nafasi ya Kukua

Fundi cherehani wa mtaa wa Nkuhungu huvaa utepe wa kupimia shingoni hata anaposhika jembe. Majirani walipojitolea kugeuza jalala la nyuma ya kibanda chake kuwa bustani ya kupumzikia, yeye ndiye aliyepima mashimo ya mizabibu, huku akiwafokea: "Msibane! Mche ni kama sare ya mtoto, uachieni nafasi ya kukua." Wakacheka, maana ardhi yenyewe ilikuwa ngumu kama sakafu na vijiti vile havikufika hata goti. Yeye akaendelea kumwagilia maji aliyosuuzia nguo, na kila asubuhi alipima, akaguna, akatabasamu peke yake.

Leo mizabibu imeshikana juu ya mabenchi, kivuli kimejaa watu, na fundi anapita kati yao kidevu juu. Bi Batuli, jirani ambaye tangu afiwe na mume hakuwa akitoka ndani wala kula vizuri, ameketi humo na kichala cha zabibu mapajani.

"Fundi," akaita, "nishonee gauni la Idi."

Fundi akavua utepe, akamzungushia kiunoni.

"Usinibane," Bi Batuli akasema, akitia zabibu nyingine mdomoni. "Niachie nafasi."