Mama mkwe kapanda maua yangu kama mpunga

Mkono wangu una bahati, nyie. Mbegu za maua nilizosia kwenye makopo zimeota zote, Kihesa nzima inashangaa.

Nimemwahidi mke wangu akishajifungua atakuta maua mlangoni.

Leo narudi kutoka kazini, makopo matupu.

Mama mkwe, katoka Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga kuja kusubiri mjukuu, kang'oa miche ya majani mawili na kuipachika kwenye tope la maji.

"Mama, ilikuwa bado changa."

"Baba, mche ukizeekea kitaluni hauzai."

Hauzai nini, mchele?

Miche yote imelala chali. Na mkwe hagombezwi, ndiyo maana nalalamikia huku mtandaoni. Nitetewe, jamani.

Ila niseme ukweli, mbegu zangu hazikuota hata moja. Hiyo miche mama mkwe ndiye aliyeisia upya kwenye makopo yangu.