Nyimbo za Mama Kwenye Kompyuta Mpya

Juzi mwanangu alicheza mchezo wa zamani kwenye simu mpya, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, kijijini Chiwata. Nyumba ilinukia korosho za kuchoma. Kompyuta ya marehemu mama ilikuwa imekufa, na nyimbo alizoitungia kwaya zilikataa kufunguka kwenye kompyuta mpya ya baba. Mjomba akaja kutoka Ndanda, akaweka programu fulani.

"Sasa kompyuta hii inajifanya ile ya zamani," alisema.

Nyimbo zikatokea. Baba akaanza kuimba wimbo wa kwanza.

Leo najua ni kuigiza tu. Siku ile nilidhani kilichokufa kimerudi.

"Mjomba, na mama je?"

Baba akanipakata, akaimba ule wimbo mpaka nikaujua wote.