Desemba Moja Daftarini mwa Were

Bramwel Were hakuwa mtu wa kukaa. Kiti alichopewa na binti yake katika ofisi ya bima kule Upper Hill, Nairobi, alikikalia dakika mbili, akainuka, akaenda dirishani, akarudi, akasimama nyuma ya Nanjala akimpumulia shingoni.

"Daddy, si ukae tu," Nanjala alisema bila kugeuka. "Unanifanya nakosea."

"Niko sawa. Wewe andika."

Sawa wapi! Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Novemba, saa ya chakula cha mchana, na kesho yake kamati ya mtaa wao mdogo wa nyumba thelathini, kule Jamhuri, ingeamua kama pampu ya kisima iendeshwe usiku na mchana ili maji yafike pia kwenye maghorofa mapya ya jirani. Were ndiye aliyekitunza kisima hicho kwa miaka kumi na moja. Alijua maji yanashuka, na kwamba kisima kisipopata nafasi ya kupumzika kitakauka. Lakini mwenyekiti wa kamati, Navin, mhandisi mstaafu, hakutaka maneno. "Niletee chati, Mzee Were," alikuwa amemwambia. "Chati ndiyo itaongea."

Vipimo alikuwa navyo, tena tele. Kila Jumatatu ya mwisho wa mwezi, kabla pampu haijawashwa, Were huteremsha kisimani utepe mrefu wenye kengele ndogo nchani. Kengele ikilia, imegusa maji. Anasoma mita, anaandika daftarini. Miaka ameipanga kwenda chini, miezi kwenda kando, kila mwezi na kisanduku chake. Hakuna aliyemtuma. Kuna wanaume wanaofuata mpira, Were anafuata mita.

Nanjala alikuwa ameyaingiza yote kwenye kompyuta vilevile yalivyokaa daftarini. Akabonyeza, chati ikatokea: mistari kumi na moja, rangi kumi na moja, imesokotana kama tambi za jana.

"Hii ni nini sasa?" Were akawaka. "Mimi nimepima kisima kimoja!"

"Imechukua kila mwaka kivyake. Ngoja kidogo."

Akaitoa miaka kwenye mistari yake, akaiunganisha kichwa kwa mkia, Januari ikifuata Desemba ya mwaka uliotangulia, mpaka ikawa safu moja ndefu. Akabonyeza tena. Safari hii ulitokea mstari mmoja, unaopanda polepole kutoka mita sabini hadi tisini na sita. Kadiri maji yalivyozidi kukimbia chini, ndivyo utepe ulivyozidi kushuka kuyafuata. Were alitaka kupiga makofi. Kisha akaona kwamba karibu kila Desemba mstari uliporomoka hadi sifuri, ukarudi juu Januari.

"Daddy, kwani Desemba maji hufika mdomoni mwa kisima?"

Aibu ikamshika Were. Desemba hakuna aliyepima. Desemba mtu wa Busia yuko kwao Busia. Krismasi ikikaribia, nusu ya mtaa imefunga mizigo, na yeye huwa wa kwanza. Visanduku alivyoviacha vitupu, Nanjala alikuwa amevijazia sifuri bila kuuliza, ili asiache mashimo. Kama Navin angeuona mchoro ule, angemcheka mbele ya majirani wote.

Nanjala akafuta sifuri zake, mapengo yakabaki mapengo. Ila Desemba moja haikuwa tupu. Mwaka wa 2019, Novemba, mita themanini na saba. Desemba, themanini.

"Hii ulikosea?"

"Hapana."

Nanjala akafungua kalenda ya mwaka ule. Alipogeuka, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Hii ni ile Jumatatu Mama alifariki. Ulitoka hospitali ukaenda kupima maji? Tulikutafuta mpaka mchana, Daddy! Mimi ndiye nilisaini karatasi zote."

Kwa miaka mitano Were alikuwa akilikimbia swali hilo. Alitazama mlango, na alitamani kweli kutoka.

"Nilitembea kwa miguu hadi Jamhuri," akasema. "Sikujua niipeleke wapi mikono yangu. Ilikuwa Jumatatu, mwisho wa mwezi. Nikapima. Nilikuacha peke yako, na nilikosea."

Nanjala alijifuta macho kwa kiganja, akaurudia mchoro kwenye kioo cha kompyuta.

"Maji yalipanda mita saba," akasema. "Watu walikuwa wameenda ushago, vijijini kwao, pampu haikufanya kazi sana. Kisima kikipumzika, kinapona."

Jumamosi, barazani nyumbani kwa Navin, karatasi ilipita mkono kwa mkono. Navin aliisoma kutoka upande mmoja hadi mwingine, halafu kidole chake kikatua kwenye ile nukta ya 2019.

"Kwa nini Desemba hii moja tu, Mzee Were?"

Were alikuwa amesimama, kama kawaida yake. "Mke wangu Mercyline alifariki siku hiyo. Sikusafiri."

Navin akavua miwani. "Pole sana, Mzee." Lakini uhandisi haukumtoka. "Ila nukta moja haitoshi. Huwezi kunipatia nyingine?"

Tangu mwaka ule, Desemba ya Nairobi ilikuwa kitu asichoweza kukivumilia. Tiketi ya basi alikuwa nayo mfukoni tayari.

"Nitabaki," akasema.

Kamati ikaahirisha uamuzi hadi Januari.

Jumatatu ya tarehe thelathini Desemba mtaa ulikuwa kimya, mageti yamefungwa, mbwa wamelala barabarani. Nanjala alikuja kwa miguu kutoka Woodley anakoishi, hakuitwa na mtu. Were aliteremsha utepe. Katikati akampa Nanjala aushike. Utepe ukapita mita themanini, ukapita themanini na tano. Kisha kengele ikalia.

"Tisini," Nanjala akasoma.

Maji yalikuwa yamepanda mita sita tangu Novemba. Alichukua kalamu kutoka kwa baba yake, akaandika kwenye kisanduku cha Desemba kwa mwandiko wake mwenyewe. Alipoinua kichwa, Were alikuwa ameketi kwenye simenti ya kisima, mikono imetulia magotini, analia bila kujificha. Nanjala akaketi kando yake, na Were hakuinuka.