Sahihi ya Tatu ya Evaristo Mubanga

Usiku ule sikulala. Nyumba zetu za mgodini, hapa Wusakile, zimeshikana ukuta, na upande wa pili aliishi Evaristo Mubanga, mdhamini wa fedha wa tawi la chama cha wachimbaji. Niliangalia komeo mara tatu, kisha nikaweka kiti karibu na ukuta. Nilitaka kujua jambo moja tu: atatia sahihi au hatatia?

Fedha zenyewe zilikuwa zetu, wajane tisa. Waume zetu walifukiwa na mwamba siku moja, na wenzao wakakubali kukatwa mishahara miezi minane ili tupate fungu benki. Kulitoa kulitaka sahihi za wadhamini watatu. Sasa kulikuwa na mgomo, na Mwenyekiti Kapambwe alitaka kulitumia kuwalisha wagomaji. Aliapa atalirudisha. Wadhamini wawili walishatia sahihi, na asubuhi benki ingefunguliwa.

Sisemi wagomaji hawakuwa na njaa. Evaristo mwenyewe alishawapa gunia lake la unga. Lakini mimi nilikuwa na watoto wanne na mwezi mmoja tu uliobaki wa kukaa katika nyumba ya mgodi.

Evaristo alikuwa fundi bomba, mtu wa maneno machache. Udhamini aliufanya miaka kumi na mitano bila malipo. Kila baada ya miezi mitatu alivaa koti lake la harusi, akaenda ofisini kukagua risiti moja moja. Aliwahi kumrudisha katibu dukani kwa sababu risiti ya soda haikuwa na muhuri. Nami nilimcheka, Mungu anisamehe.

Gari likasimama nje. Nikachungulia dirishani.

"Shi-Chola!" Kapambwe alimwita Baba Chola, kwa jina la mwanawe, kama tufanyavyo. "Fungua, ndugu yangu. Nakuomba sahihi, sikuombi figo!"

"Kalale, Mwenyekiti," Evaristo akajibu kutoka ndani. "Fungu lile lina wenyewe."

Ndipo Kapambwe akafungua mlango wa gari, akamshusha bibi mmoja mwenye fimbo. Alikuwa mama yake Foibe, mke wa Evaristo. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, wala hamkatalii neno. Miaka ishirini Evaristo akimwona bibi huyu njiani huingia kichochoroni.

"Mkwe wangu," bibi akaita, "mtilie huyu mkubwa sahihi yake nikalale. Baridi inaniua."

Ikajibu sauti ya Foibe: "Mama, mkweo amelala."

"Amelala na viatu? Namsikia anatembea!"

Nilijikuta nje, nimejifunga kitenge juu ya gauni la kulalia. "Mama, njoo kwangu uote moto kwanza."

"Wewe, hili halikuhusu," Kapambwe akasema.

"Linanihusu kuliko wewe." Mkono wa bibi nilishaushika.

Nikamketisha karibu na jiko la mkaa, nikampa chai na kiazi kitamu. Akawatazama wanangu wanne kwenye mkeka mmoja. Akaitazama kofia ya mgodini ya marehemu, msumarini.

"Hiyo karatasi ni ya nini hasa?"

"Ya kutoa fedha za hawa, Mama. Na za wajane wenzangu."

"Kaniambia ni ya kumpandisha cheo mkwe wangu!"

Akakitua kikombe, akatoka, akampita Kapambwe kama anayepita nguzo, akaugonga mlango kwa fimbo.

"Mkwe! Nimebadili neno. Usifungue, hata nikikuomba mimi mwenyewe. Umesikia?"

"Amesikia, Mama," Foibe akajibu. Sikujua kama anacheka au analia.

"Na viatu avue, anamaliza sakafu."

"Bibi, umeniua," Kapambwe akanung'unika.

"Nirudishe nyumbani, wewe! Ulinitoa kitandani."

Mwisho wa mwezi tulilipwa sote tisa. Kwa fungu lile nilipata vyumba viwili na cherehani, na binti yangu mkubwa leo ni muuguzi. Nikimpelekea Evaristo mboga kumshukuru, huuliza kama Foibe amezipima, kana kwamba anakagua risiti.

Lakini shukrani ya kwanza niliitoa usiku uleule. Gari lilipoondoka nilikwenda kuuwekea kiganja mlango wake.

"Asante, Shi-Chola."

Hakufungua. Ndani nilisikia kiatu kimoja kikianguka sakafuni, kisha cha pili.