Waliposimama Wote

Juzi, katika zahanati ya Tura, karani mmoja kijana alimsogezea bibi mmoja aliyekuwa mbele yangu wino aweke dole gumba. Bibi akausukuma kando. "Nipe kalamu, mwanangu," alisema, akaandika jina lake taratibu, kwa herufi kubwa.

Nikaukumbuka mchana wangu wa kwanza wa kufundisha. Siku zile za Ujamaa, sisi wa darasa la saba tuliwafundisha watu wazima kisomo tukishatoka shuleni. Mimi nilipangiwa ghala la kijiji, lililonukia nta na karanga. Nilipoingia na chaki yangu, wote waliinuka kwa pamoja kutoka kwenye magunia waliyokalia. Niligeuka haraka nimwone mkubwa aliyekuwa nyuma yangu. Hapakuwa na mtu. Basi nikafanya nilivyofunzwa nyumbani: nikapiga magoti.

"Shikamooni."

"Inuka, Mwalimu," ilisema sauti ya mama yangu kutoka nyuma kabisa. "Humu ndani sisi ndio wanafunzi."

Nilidhani wananitania. Leo najua walikuwa wamengoja kumsimamia mwalimu vile tangu utotoni mwao, walipokosa shule. Nikaandika "a" ubaoni, na sauti zao nzito zikaitikia hadi zikaimeza honi ya treni iliyokuwa ikiingia stesheni.

Jioni niliinama kukusanya masufuria, kazi yangu ya kila siku, ambayo mama hakuwahi kunisamehe hata nikiwa na homa. Akanipokonya.

"Haya naosha mimi," alisema. "Mwalimu ana somo la kuandaa."